Majani Matatu Yaliyobaki

Akaiti, mke wangu, alianza kushona nguo ya kuzikiwa akiwa mzima kabisa, mwaka uleule tuliporudi kisiwani kwetu Mauke, siku ambazo alikuwa bado anapanda mwinuko wa kanisani bila kusimama kupumua. Sikushtuka. Kwetu mwanamke aliyelelewa vizuri hangoji augue ndipo aifikirie tivaevae yake, shuka ya mapambo atakayofunikwa siku ya kuzikwa.

Aliyemkatia ni dada yake mkubwa, shemeji yangu Ngapoko, ambaye kisiwa kizima kinamheshimu kwa mkasi wake. Alikuja asubuhi na kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Akakikunja mara mbili, mara nne, mara nane, akakitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua, kisha akakata bila kuchora hata mstari mmoja. Kilipokunjuliwa yakatokea majani ya mshelisheli thelathini na mawili, yamepangana katika duara na kushikana kwa vikonyo. Wakakilaza juu ya shuka nyeupe pana kuliko kitanda chetu, wakakipachika kwa mishono mirefu ya muda. Kuanzia hapo kazi ikawa ya Akaiti peke yake: kukunja ukingo wa kila jani kwa ncha ya sindano na kuushonea chini, mishono midogo kama ufuta, jani baada ya jani.

Angeweza kuimaliza kwa mwaka mmoja. Lakini kila mara palitokea harusi ya mtoto wa huyu au sherehe ya kunyolewa nywele ya mtoto wa yule, na Akaiti hakujua kukataa. Alishona za watu, ya kwake ikangoja sandukuni. Baada ya miaka tisa alikuwa amemaliza majani kumi na tisa. Ndipo kisukari kikamla ncha za vidole.

Siku niliyojua tulikuwa barazani baada ya chai. Yeye anashona, mimi nasoma gazeti la wiki iliyopita lililokuja na ndege. Nikaona tone jekundu kwenye nyeupe, karibu na jani la ishirini.

"Mama, unatoka damu."

"Wapi?"

"Kidoleni. Sindano imeingia."

Akainua mkono, akaugeuzageuza kama amepewa mkono wa mtu mwingine. Sindano ilikuwa imesimama kwenye kidole cha shahada, imezama, na yeye hana habari. Akaichomoa. Alikwenda kuliloweka lile doa kwa maji baridi na chumvi, nguo ilipokauka akaikunja, akaifungia. Hakuigusa wiki tatu.

Wiki ya nne nikaitoa mwenyewe.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Nikufundishe nini?"

"Kushona. Wewe utasema, mimi nitafanya."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe, Tutai? Wewe uliyeshona kifungo cha suruali ukakishonea pamoja na shati, ukashindwa kuivua chooni?"

"Hiyo ilikuwa mwaka sabini na mbili."

"Na kifungo kikang'oka hukohuko chooni."

Basi nikaanza, na nikaanza kama nilivyoanza kila kitu maishani: kwa rula na penseli. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao huko Tokoroa, ng'ambo, na hakuna jino la msumeno lililopita mikononi mwangu bila kupimwa. Nilitia alama kila milimita mbili kuzunguka jani zima. Ilinichukua asubuhi nzima. Akaiti aliponiuliza mbona sijachoma hata mara moja, nikamweleza.

"Unashona au unapima kiwanja cha serikali?"

"Msumeno usipopimwa meno unaharibu ubao."

"Hili ni jani, baba. Halina meno. Futa hiyo penseli."

Tulifunga pazia la upande wa barabara. Mikono ya wanaume wa kwetu hushona nyavu tu, na siku hizi hata nyavu zinatoka dukani. Sikutaka wazee wenzangu wapate cha kucheka hadi Krismasi. Akaiti aliketi ubavuni pangu, kidevu chake karibu na bega langu, akiniamrisha. "Kunja. Kidogo. Kidogo zaidi, hufungi mkate. Hapo kwenye kwapa la jani choma mara tatu, pasije pakafumuka." Kwa kuwa vidole vyake havikuhisi tena, na macho yalikuwa yameanza ukungu, alinikagua kwa shavu. Nilipomaliza ukingo alikuwa anainama, anaulaza uso wake juu ya mshono, anausogeza taratibu kama mtu anayetafuta upande wa baridi wa mto. Palipokuwa pabaya alisimama. "Hapa," anasema. "Fumua." Nami nafumua.

Sijui kwa nini siku zile zilinirudisha Tokoroa kila mara. Labda ni ile hali ya kukaa watu wawili na kazi moja ndogo. Mwaka wetu wa kwanza kule tulikuwa na chumba kimoja, meza moja na taa moja. Mimi nilikuwa natoka kiwandani, nakula, kisha naenda shule ya jioni. Nikirudi nafungua daftari mezani nifanye masomo niliyopewa. Yeye alikuwa upande wa pili na sindano yake, soksi jozi mbili, moja juu ya nyingine, ukungu umeziba dirisha. Hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini alinitaka nimweleze kila nilichojifunza. Nilimweleza hesabu za sehemu, nikamweleza pembe ya jino la msumeno, kwa nini la mbao laini si sawa na la mbao ngumu. "Kumbe msumeno nao una tabia zake," akasema. Tulipohama nyumba ile tulimwachia mtu ile meza. Chumba chenyewe kilibomolewa zamani, pakajengwa duka la matairi. Lakini nikishika sindano barazani Mauke nilikuwa nakaa kwenye meza ileile.

Mwezi wa tatu wa kazi yangu, kamati ya kina mama ilikuja kukagua nyumba, kama inavyokagua kila mwaka: choo, jiko, bustani, mashuka. Ngapoko ndiye kiongozi. Alifungua sanduku bila kuomba ruhusa, akaitandaza tivaevae kitandani, akapitisha kidole juu ya majani. Akasimama kwenye la ishirini na tatu.

"Huu mkono wa nani?"

"Wangu," Akaiti akasema.

"Wako ni huu." Akagonga jani la tano. "Huu ni wa mtu anayekimbizwa na mbwa."

Kina mama saba wakainama kutazama. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nyuma ya gazeti, na kidole gumba kimefungwa plasta.

"Shemeji," Ngapoko akaniita, "umeumia kidole?"

"Nilikuwa nafungua kopo la nyama."

"Kopo la nyama siku hizi linatoboa matundu madogomadogo?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Nilijiona mjinga, na nilikasirika, maana sijazoea kuchekwa kwa kazi ya mikono yangu. Lakini nilipotupa jicho kwa Akaiti nikaona anacheka kuliko wote, na uso wake una rangi ambayo sikuiona kwa miezi.

Ngapoko aliacha kucheka wa kwanza. "Tuachieni sisi. Tukikaa wote nane, tunaimaliza kwa Jumamosi mbili."

"Acha," Akaiti akasema. "Nimeshapata fundi."

"Fundi huyu utakufa yuko kwenye jani la thelathini. Na kanuni unaijua, mdogo wangu. Isiyokwisha haizikwi. Inabaki ndani ya nyumba."

Alisema kwa mzaha, kisha akaenda kukagua jiko. Lakini mimi neno lile lilinibaki. Isiyokwisha inabaki ndani ya nyumba. Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Nikaitazama ile nguo kitandani, majani yake na yangu, lile doa ambalo halikutoka lote, nikawaza kwamba ingewezekana isiondoke. Hakuna ambaye angenilaumu. Ningekuwa mzee mwenye mkono mzito ambaye muda ulimtupa, basi.

Kuanzia wiki ile nikapunguza mwendo. Jani lililonichukua siku nne likaanza kuchukua nane, kisha wiki mbili. Mara nimekwenda shambani kuangalia magimbi, mara mgongo unauma, mara mwanga hautoshi. Na nikiri jambo la aibu zaidi, kwa mtu aliyejisomesha kama mimi: ndani ya moyo nilianza kuamini kwamba maadamu majani yapo, naye yupo. Kwamba angeona haya kuondoka kazi haijaisha.

Mwezi wa saba wa kazi nilikuwa nimemaliza jani la ishirini na tisa. Miguu yake ilikuwa imevimba, nesi anakuja kila siku. Asubuhi moja nikamwambia leo hatushoni, uzi umekwisha.

"Uzi upo kwenye kopo la biskuti. Nilimtuma Ngapoko alete makusudi."

"Sikuuona."

"Tutai." Alikuwa amelala, anatazama dari. "Unavuta."

"Navuta nini?"

"Muda. Unavuta kama mtoto asiyetaka kwenda kuoga."

Nikafungua kopo la biskuti, uzi ulikuwa juu kabisa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sipendi iende ardhini," nikamwambia. "Ndiyo hivyo. Miaka kumi ya kazi, siku moja inazikwa, wiki moja imeoza. Mtu mwenye akili hafanyi hivyo. Kitu kizuri hutunzwa."

"Umekula mikononi mwangu miaka arobaini na sita. Umetunza kipi?"

"Chakula ni chakula."

"Na ni kibaya kwa sababu kimekwisha?"

"Usinichezee, Akaiti."

"Sikuchezei." Akavuta pumzi, maana maneno yalikuwa yanamchosha. "Mama yangu nilimshonea nikiwa na miaka kumi na tisa. Ya samawati, maua ya mnanasi. Ilionekana siku ile moja tu. Nimeshona ngapi tangu hapo? Mia? Nyingine zipo vitandani kwa watu hadi leo na nimeshazisahau. Ile ya mama naijua mpaka mshono. Kila niliposhona nilijua inakokwenda, nikashona hivyo. Wewe unataka kunifanyia kitu au unataka kubaki na kitu?"

"Vyote."

"Mroho," akasema, akatabasamu. "Siku zote ulikuwa mroho. Niahidi utaimaliza."

"Nitaimaliza."

Nilimaanisha. Lakini mkono haukunitii. Nilishika sindano nikaiweka. Wiki ile akaja binti yetu Tekura kutoka Auckland, kwa kuwa nesi alimpigia simu, na nyumba ikajaa watu. Sikushona mbele ya watu. Akaiti hakunikumbusha tena. Alhamisi mchana alikula vijiko viwili vya samaki wa tui, akasema ndimu imezidi, akalala, hakuamka.

Kesho yake saa tatu asubuhi uwanja wetu ulikuwa umejaa. Jeneza lilikuwa wazi chini ya turubai, ibada ianze saa nne. Hatua ishirini kutoka barazani, karibu na kaburi la mama yangu, Nooroa, mwashi wetu, na vijana wake walikuwa wameshachimba la Akaiti, wamejenga kuta, mifuko ya saruji inangoja kifuniko. Ngapoko akaja na kifurushi mkononi. Akakifungua mbele yangu na Tekura. Ilikuwa tivaevae ya manjano, nzuri ajabu, mishono hata huioni.

"Yangu," akasema. "Nilijishonea mwaka wa kimbunga. Atakwenda nayo. Mimi nitajishonea nyingine, bado nina nguvu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ile yenu ina majani matatu hayajashonwa. Nimeiangalia. Itabaki."

Tekura alimkumbatia. "Asante, Mama Ngapoko. Asante." Kisha akanigeukia. "Baba, nilikuwa naogopa hata kukuomba. Siwezi kuona ile inafukiwa. Mama yuko mule. Watoto wangu watamjulia wapi? Itabaki, baba. Tutaitundika."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sikutakiwa hata kusema uongo. Nilichokuwa nakitaka kwa miezi minne kilikuja chenyewe mpaka mlangoni, kimeletwa na watu wanaonipenda.

Nikaingia chumbani nibadilishe shati. Tivaevae ilikuwa kitandani, Ngapoko ameiacha imefunuliwa upande ule wa majani matatu. Kingo zake zilikuwa wazi bado, zimeshikiliwa na ile mishono mirefu ya muda ambayo Akaiti mwenyewe aliitia miaka kumi nyuma. Nyuzi zimeanza kuchomoka kando. Nikainama nikalaza shavu juu yake kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikapita juu ya majani yake, laini. Nikapita juu ya yangu, mikwaruzo hapa na pale. Kisha nikafika kwenye yale matatu, na hapo shavu halikukuta kitu. Kitambaa tu kinachosogea.

Nikawaza: hiki ndicho nitakacholala nacho. Kila asubuhi nikifumbua macho nitaona majani matatu niliyomnyima. Na wageni watauliza, nitasema muda haukutosha, na wataniamini.

Nikaibeba yote mikononi nikatoka nayo nje.

"Shemeji," nikasema, "ninaimaliza."

"Saa hii?"

"Saa hii."

"Tutai, ibada saa nne!"

"Ibada ni ya mke wangu. Ingoje."

Tekura akaja mbio. "Baba, tafadhali. Tumeshakubaliana. Unafanya nini?"

"Nilimwahidi."

"Alishakufa, baba! Hajui tena."

"Mimi najua."

Nikavuta kiti karibu na jeneza nikakaa. Ngapoko alinitazama kidogo, akakunja ile yake ya manjano, akawaita wenzake kwa kidole. Wakatandaza mkeka, wakaishika nguo pande zote wakaivuta ikanyooka. Yeye akachukua jani moja, mwenzake mmoja la pili.

"La tatu nipe," akasema mwanamke mwingine. "Papa Tutai apumzike."

"La tatu ni langu."

Nilijaribu kuupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara tatu, mara nne. Watu mia wanatazama, na mimi, mtu niliyenyoosha meno ya msumeno kwa unene wa unywele, nashindwa na tundu. Mara ya tano sindano ikaniponyoka. Nikaanza kuipapasa kwenye mkeka. Ndipo nikaona mkono wa Tekura umeiokota. Alikuwa analia kwa hasira, midomo imebana. Akachukua uzi, akaulowesha ulimini, akaupitisha mara moja tu, akanipa bila kunitazama.

Nikashona. Kunja kidogo, choma, vuta. Kunja kidogo, choma, vuta. Sikupima. Ngapoko alikuwa hajafika nusu ya jani lake nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa:

"Shemeji. Kumbe unajua kukimbia."

"Najua."

"Na siku zote zile?"

"Nilikuwa navuta."

Baadaye kidogo akasogeza goti lake likagusa langu, akaendelea kushona.

Saa nne ikafika, ikapita. Mchungaji alikuja akainama sikioni mwangu. "Papa Tutai, watu wamekaa juani."

"Waambie waimbe, mchungaji."

Wakaimba. Wanaume wakanguruma kutoka chini, kina mama wakapanda juu, kama tunavyoimba sisi, mpaka kuku wakatoka chini ya nyumba. Nooroa alidhani wimbo ule ndio wa kufunga ibada, akawaambia vijana wachanganye zege. Dakika kumi baadaye akaja amevaa mabuti, ndoo mkononi.

"Papa, zege iko tayari."

"Bado."

"Papa, zege haielewi bado. Inaganda!"

"Basi ipeleke inakotakiwa."

Ngapoko akanyanyua kichwa. "Ngazi ya jikoni kwangu imevunjika miezi sita, Nooroa, na kila siku unaniambia kesho. Leo ndiyo kesho."

Watu wakaangua kicheko, pale pale kando ya jeneza, na mimi nikacheka, na hata Tekura nilimwona amejiziba mdomo. Vijana wakasukuma toroli mbio kwenda nyumba ya tatu. Ngazi ile ipo hadi leo na ni imara.

Ngapoko akamaliza jani lake. Mwenzake akamaliza la pili. Wakabaki wananingoja, wameshika nguo iwe imenyooka, hakuna aliyesema harakisha. Nilikuwa kwenye kwapa la mwisho la jani la mwisho. Nikachoma mara tatu pasije pakafumuka. Nilijua kabisa ninachofanya. Kila mshono ulikuwa unaiondoa nguo ile nyumbani kwangu, na sikuwa nimewahi kufanya kazi nikitaka kuifanya vizuri namna ile. Vyeti vyangu viko ukutani, misumeno yangu ilikata mbao za nyumba nisizozijua. Hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa moyo wangu wote kama saa mbili na nusu zile. Nikafunga fundo upande wa chini, nikakata uzi kwa meno.

"Tayari."

Wale kina mama wanane wakasimama wakaishika kingoni, wakaipeleka juu ya jeneza, wakaitandaza hewani kabla ya kuishusha. Turubai lilikuwa limesogezwa na jua lilikuwa juu. Mwanga ukapita kwenye nyeupe ukazuiwa na ile nyekundu, na kivuli cha majani yote kikamwangukia Akaiti usoni, mikononi, kwenye gauni lake. Nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa nzima. Hakuna aliyewahi. Siku zote ilikuwa imekunjwa magotini, au jani hapa jani pale. Sasa ilikuwa yote, thelathini na mawili, na kila moja niliweza kusema lilishonwa siku gani na tulizungumza nini.

Tekura akaja akasimama nami, akanishika mkono wa shati.

"Ni nzuri, baba," akasema. Sauti haikuwa ya hasira tena. "Ni nzuri sana."

Mchungaji akaashiria, wakaanza wimbo wa mwisho. Una beti nne. Mimi nilitazama. Ubeti wa nne ulipokwisha nilijua ndio wakati wa kuishusha, lakini Ngapoko, mikono yake imeinuliwa na bila shaka inamuuma, alinitupia jicho, akaanzisha tena ubeti wa kwanza. Wenzake wakamfuata, na wanaume nyuma yao. Wakaimba beti zote nne mara ya pili. Alipoanza kuvuta pumzi kwa mara ya tatu niliinua mkono.

"Inatosha, shemeji," nikamwambia. "Mfunikeni."